Kiangazi chetu, kiangazi chao: twende Unguja mwezi gani?

Yaya, dada yetu wa kujibu barua, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi.

Mimi ni mama wa watoto watano. Wa mwisho ni mapasa, yaani mapacha, Kyungu na Kabange, kwa hiyo mtaa mzima unaniita Mama Mapasa. Na wewe niite hivyo hivyo. Ninauza bikwembe, vitenge, sokoni. Baba Mapasa anafanya kazi kwenye kampuni ya migodi. Mwaka huu, tukijaliwa, ndoa yetu inatimiza miaka 20, na katika miaka hiyo yote safari zetu za pamoja zimekuwa za vilio tu: Likasi, Kamina, Kolwezi mara mbili. Siku ya Noeli, mbele ya dada zake, bia mbili tatu zikiwa zimeshashuka, alisimama akasema: "Mwaka kesho bibi yangu ataona bahari." Dada zake wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza, maana maneno ya Noeli nayajua. Lakini Januari ilipoingia hakusahau. Alinunua daftari, akaandika juu yake "Zanzibar", akaanza kupiga hesabu.

Sasa shida ni mwezi.

Kampuni imempa achague kati ya konje mbili, yaani likizo: wiki mbili za katikati ya mwezi wa tano, au wiki mbili za mwisho za mwezi wa tisa. Lazima amjibu shefu wake kabla Februari haijaisha. Yeye anataka Mei, na ana sababu zake. Anasema mwezi wa tano mvua imekwisha, kiangazi kimeanza, hata mtoto wa Lubumbashi anajua. Tena alipiga simu kwenye hoteli moja ya huko, kijana wa mapokezi akamwambia kwa Kiswahili safi kabisa: "Mzee wangu, njooni kiangazi, bahari imetulia, maji kama kioo." Baba Mapasa akakata simu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Halafu bei. Chumba ambacho mwezi wa nane ni dola 95, mwezi wa tano ni dola 50 na chakula cha asubuhi ndani yake.

Jirani yetu alikwenda huko mwezi wa nane mwaka juzi, akatuonyesha picha kwenye telefone. Mchanga mtupu hadi mbali, mitumbwi imelala ubavu, watu wanatembea mahali ambapo mimi nilidhani pangekuwa na maji. Baba Mapasa akasema: "Unaona? Ukichelewa kiangazi unakuta bahari imepungua kama mto wetu Kafubu. Twende Mei, mvua zikiwa zimetoka kuijaza." Nilikosa la kujibu. Mimi bahari sijawahi kuiona, lakini moyoni nilisema maji ya chumvi yaliyozunguka dunia nzima hayawezi kupungua kama Kafubu.

Wifi yangu anasema Desemba, ndiyo vakansi ya watu wenye akili. Mama mmoja wa kanisani anasema Februari, wakati wa tamasha la muziki.

Pesa zinatoka kwenye likelemba yangu. Tuko wanawake 10, kila mwezi kila mmoja anatoa dola 200, tulianza mwezi wa kwanza. Zamu yangu ni mwezi wa tatu: dola 2,000 mkononi. Baba Mapasa ataongeza za kwake. Nikimwambia Septemba, ananijibu neno moja tu: "Na pesa?" Kisha anatoka nje.

Yaya, mimi naogopa maji, kuogelea sijui, ila nataka niingie baharini angalau hadi magotini, na bibi mzee mmoja wa huko anionyeshe anavyovua. Mume wangu ana presha kidogo. Watoto tutawaacha kwa nyanya yao. Utuambie mwezi, nimeshachoka kubishana.

Tena: nibebe unga wa bukari, ugali wetu?

Mama Mapasa, Katuba, Lubumbashi

*

Mama Mapasa,

Kijana wa mapokezi hakudanganya, na Baba Mapasa hakusikia vibaya. Wote wawili walisema "kiangazi". Ila kila mmoja alikuwa na chake kichwani.

Kwetu Lubumbashi kiangazi ni ile miezi ya vumbi jekundu, kuanzia Mei hadi Septemba, ambamo mwezi wa sita na wa saba unalala na blanketi mbili na asubuhi watoto wanagombania nafasi karibu na mbabula ya makaa. Unguja, kiangazi ni miezi ya joto kali, Desemba mwishoni hadi Februari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na za masika hazijaingia. Ile baridi yetu ya Juni na Julai wao wana jina lake, kipupwe, na usicheke, baridi yao ni nyuzi 22 alfajiri. Na neno masika, ambalo huku tunalitupia mvua zote za Novemba hadi Aprili, kwao ni mvua za kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, ambazo ndizo kubwa kuliko zote kwao, na Aprili ndio kilele chake. Kwa hiyo kijana alipomwambia mzee aje kiangazi, alikuwa akimwita Januari. Baba Mapasa akafungasha akili yake kwa ajili ya Mei, mwezi wa masika. Watu wawili wanaongea lugha moja, wanaelewana kila neno, na bado mmoja anakwenda kunyeshewa.

Kwa nini iwe hivyo, wakati sote tuko kusini mwa ikweta? Mvua zetu hizi zinalifuata jua. Jua likishuka kusini mwishoni mwa mwaka, ukanda wa mvua unashuka nalo. Likipanda tena kaskazini, nao unapanda. Lubumbashi iko mbali kidogo kusini, nyuzi 11 na nusu hivi, karibu na mwisho wa safari hiyo, kwa hiyo ukanda unafika, unakaa miezi, unaondoka: msimu mmoja mrefu wa mvua. Unguja iko nyuzi 6 tu. Pale ukanda hauishii, unapita. Ukienda kusini unawaachia vuli, kati ya Oktoba mwishoni na Desemba. Ukirudi kaskazini unawaachia masika. Basi mvua inayotuaga sisi mwezi wa nne, tukishukuru kwamba barabara ya Katuba itakauka, iko njiani kwenda kwao.

Mwambie Baba Mapasa asione haya. Mimi niliyekua nikisoma ramani niliingia mtego huo huo. Nilikwenda Unguja mwisho wa Aprili, kwa hesabu zile zile za Lubumbashi. Siku ya kwanza ilinyesha alfajiri ikakatika saa ya chai, nikasema si kitu. Siku ya pili ilianza usiku na sikuona jua mpaka siku ya nne. Nilifua blauzi mbili, nikazianika barazani chumbani kwangu, na siku niliyoondoka nilizikunja zikiwa bado mbichi, zinanuka kama mbwa aliyelowa. Jioni nilikwenda Forodhani, pale wanapouza vyakula ufukweni Mji Mkongwe. Wachuuzi watatu tu, wamejibanza chini ya turubai, mmoja akinipakulia urojo kwa mkono mmoja na mwingine ameshika turubai lisiruke. Urojo ule, lakini, ninaukumbuka hadi leo: moto, mchachu wa ndimu, na mvua inapiga juu ya kichwa. Kisha nikapanda gari kwenda Jambiani, kwenye hoteli niliyoilipia nusu bei. Nikamkuta mlinzi na ndoo za rangi. Wameifunga hadi Juni, wanapaka. Pesa yangu ilirudi, sitasema kwa shida gani.

Hoteli ile haikuwa peke yake. Mwezi wa nne na wa tano zipo nyingi zinazofunga kwa matengenezo, na migahawa ya pwani hivyo hivyo, kwa sababu wageni ni wachache. Bei ya dola 50 anayoifurahia Baba Mapasa ni ya kweli, na maana yake ni hiyo. Sisemi Mei ni mwezi wa kulaaniwa. Mwishoni mwake mvua zinapungua, kisiwa kimekuwa kijani hadi ukutani, Mji Mkongwe unaweza kuutembea bila kusukumana, na kwa mtu anayekwenda kwa ajili ya nyumba za kale, milango ya nakshi, vitabu na usingizi, ningemwambia nenda, ubebe viatu vya mpira. Lakini nyinyi mnakwenda kwa ajili ya bahari. Miaka 20 umengoja kuona maji. Usiende kuyaona yakiwa ya kijivu chini ya wingu, na nahodha wa mashua anakuambia leo hatutoki.

Nendeni Septemba.

Watu wa pwani majira yao hawayahesabu kwa mvua peke yake, wanayahesabu kwa upepo. Kuna kaskazi, unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Na kuna kusi, unaoanza mvua za masika zikinyesha na kuvuma hadi Septemba au Oktoba, ndio uliokuwa ukiyarudisha. Kusi ikiwa na nguvu, Juni hadi Agosti, bahari ya mashariki inachafuka, vijana wa Kizungu wanafurahi maana wanakuja Paje kurushwa na vishada vyao juu ya maji. Mwisho wa Agosti kusi inaanza kuchoka. Kuanzia hapo hadi Novemba hivi ndiyo wazee wanaiita demani. Upepo mwembamba, mvua bado, joto halijawa la kukupasua kichwa. Baba Mapasa mwenye presha atashukuru kuliko angeenda Januari, wakati mchana unagonga nyuzi 32 au 33 na unyevu juu yake. Wageni wa Ulaya waliojaza vyumba Julai na Agosti wameshawarudisha watoto wao shuleni, kwa hiyo bei inashuka kutoka kileleni. Haitafika dola 50 ya Mei. Itakuwa kati, na hoteli itakuwa wazi.

Nyinyi nanyi mtakuwa mnakimbia nini Septemba? Lubumbashi ya mwisho wa kiangazi: vumbi kwenye meno, moshi wa majani yanayochomwa, joto limeanza, mvua haijaja. Sijui wakati mzuri zaidi wa kuukimbia mji wetu, pamoja na jakaranda zake.

Sasa picha za jirani. Bahari haikupungua, Mama Mapasa, moyo wako ulisema kweli. Mvua hata inyeshe mwaka mzima haiijazi bahari kwa kipimo cha kuonekana. Kilichopigwa picha ni maji kupwa. Kila siku bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, ikivutwa na mwezi na jua, na kila siku inachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu, mivuto hiyo miwili inashikana mkono, maji yanajaa sana na kupwa sana: hayo ni maji ya bamvua, na Unguja tofauti ya juu na chini inafika kama mita 4. Mwezi ukiwa nusu, tofauti inakuwa ndogo, wanasema maji mafu. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu, Matemwe, ufuko ni tambarare na mwamba wa matumbawe uko mbali. Maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, unaweza kutembea muda mrefu kabla hayajakufika kifundoni. Kule kaskazini, Nungwi na Kendwa, ufuko una mteremko, maji hayaendi mbali, saa yoyote mtu anaoga.

Watu wengi watakuambia basi nenda Nungwi, umalize. Mimi nakuambia tofauti, kwa sababu ya ile sentensi yako ya magoti. Wewe hujui kuogelea na unaogopa maji. Nungwi kina kinakuja haraka, na jioni kuna muziki na watu. Jambiani, maji yakiwa katikati ya kujaa, unapata bwawa kubwa lisilo na mawimbi, mwamba wa nje umeshayavunja, na unachagua mwenyewe kina chako: kifundo, goti, kiuno. Na yakipwa ndipo utamwona yule bibi unayemtaka. Wanawake wa Paje na Jambiani wanalima mwani. Wanashuka bamvua likitoa maji, kanga zimefungwa kiunoni, wanachomeka vijiti mchangani, wanafunga kamba baina yake, na kwenye kamba wanafunga vijani vidogo vya mwani kimoja kimoja, kama wewe unavyofunga vishada vya mboga sokoni. Wapo pia wanaotafuta pweza kwa kijiti kirefu kwenye mashimo ya mwamba. Siku za bamvua, Unguja, maji yanakuwa chini kabisa katikati ya asubuhi. Kwa hiyo tazameni kalenda ya mwezi kabla ya kulipa, mpange siku tatu nne za mashariki ziguse mwezi mchanga au mpevu. Asubuhi shambani kwa wakina mama, alasiri maji yakirudi, magoti. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Si maonyesho, wako kazini. Na mvae ndala za plastiki, kuna fuu za baharini, miiba yake haina huruma.

Nirudi kwenye neno "Na pesa?", maana nadhani ugomvi wenu uko hapo, si kwenye mvua.

Baba Mapasa anajua hesabu. Likelemba inakuja mwezi wa tatu. Safari ya Mei, pesa inakaa nyumbani miezi miwili. Safari ya Septemba, inakaa sita. Na dola 2,000 zinazokaa miezi sita ndani ya nyumba ya Katuba, mama, wewe unazijua kuliko mimi. Kuna kilio Kamina. Kuna mabati ya kwa nyanya. Kuna mtoto wa wifi amekosa minerval, ada ya shule, na wifi huyo huyo ndiye aliyepiga makofi siku ya Noeli. Mume wako anaiogopa nyumba yenu na moyo wake mwenyewe, kwamba ataombwa na hataweza kusema hapana. Anakimbilia Mei ili pesa isipate muda wa kuonwa. Mwanaume aliyenunua daftari hataki ahadi yake ife mbele ya dada zake. Mvua anaitumia kama sababu kwa sababu sababu yenyewe inamtia haya.

Kwa hiyo usimjibu kwa habari ya hali ya hewa. Mjibu kwa zamu. Mko 10, mmeanza Januari, ya mwisho ni Oktoba. Tafuta mwenye zamu ya mwezi wa nane, umpe ya kwako ya mwezi wa tatu. Atakubali mbio, nani atakataa kupokea miezi mitano mapema? Pesa yako itakuwa imelala mikononi mwa wenzako, mahali ambapo wifi hawezi kuiomba, itafika Agosti, Septemba mnaondoka. Hatari yake unaijua: wanaopokea mapema wengine hulegea kutoa mwishoni. Badilishana tu na mwanamke ambaye hajawahi kukosa kutoa, mfanye mbele ya wote kumi, mama anayetunza daftari aandike, mweke sahihi. Kama kuna hata mmoja ambaye roho yako haimtulii, basi pokea Machi yako na siku hiyo hiyo geuza sehemu kubwa iwe tiketi za Septemba. Tiketi haichangiwi kilio.

Ya wifi na ya mama wa kanisani nitayapitia haraka. Desemba mwishoni vuli imeisha au inaisha, bahari nzuri, lakini Noeli hadi mwaka mpya ndio wakati wa bei ya juu kuliko yote, na mapasa wako nyumbani wanalia. Wifi aende. Februari nayo ni nzuri, joto ila maji matulivu na safi, na lile tamasha, Sauti za Busara, hufanyika mwezi huo, muziki hadi usiku. Ila miaka hii angalieni Ramadhani: mwaka 2026 iliingia katikati ya Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kama siku 10 au 11. Unguja karibu watu wote ni Waislamu. Mchana wa mfungo migahawa ya kawaida inafungwa, na mgeni anayekula barabarani anajivunjia heshima. Jioni ya futari, kwa upande mwingine, ni raha tupu. Hata hivyo kampuni haikumpa Februari, basi tumeshamaliza.

Mambo machache ya njiani, kwa kuwa kila mara watu wetu wanakwama hapo. Karata ya njano: kutoka Kongo hamtaingia bila chanjo ya homa ya manjano, na lazima iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya safari, ukishachomwa ni ya maisha. Bima: tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni wakate bima yake ya safari, dola 44 kwa mtu mzima, iandikeni daftarini sasa hivi kabla haijawashtua bandarini. Mambo ya viza waulizeni konsula ya Tanzania hapo hapo mjini, msimsikilize dereva wa mpakani Kasumbalesa.

Hukusema mnakwenda kwa njia gani. Kwa barabara, kupitia Zambia na Tunduma hadi Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 2,000, na katika wiki mbili za konje itawala karibu wiki nzima ya kwenda na kurudi, na mtafika miguu imevimba. Kama pesa inaruhusu ndege angalau upande mmoja, fanyeni hivyo. Mkipita Dar, boti hadi Unguja ni kama saa mbili. Chukueni ya asubuhi, upepo ukiwa haujaamka, na mkae katikati, si mbele. Mbele ndiko inakoruka. Baba Mapasa asinywe bia kabla.

Kitu cha kufanya wiki hii, kabla Februari haijaisha, ni kimoja: keti naye ukiwa umeshamwona mwenye zamu ya mwezi wa nane, ili swali lake likitoka jibu liwe mezani. Halafu apige simu tena kwa yule kijana wa mapokezi. Asimuulize "lini nije". Amuulize: "Mwezi wa tano tarehe 15 mko wazi? Mgahawa uko wazi? Mashua zinatoka?" Na amwulize hayo hayo kwa tarehe 20 ya mwezi wa tisa. Amwache kijana ajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake safi; mzee atalipokea kutoka kwake kuliko kutoka kwako au kwangu.

Unga uache. Ugali upo, wanausonga laini kuliko wetu, utanung'unika siku moja. Siku ya pili utaletewa samaki changu wa kuchoma na wali wa nazi, na hutaukumbuka. Beba kikwembe kimoja kizuri cha ziada, cha kumpa yule bibi wa mwani. Na kama atakurudishia kanga, soma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa chini, kabla hujaivaa mbele ya wifi.

Yaya